Karatasi za Fustat na Bahari ya Watu Wengi

Mazungumzo ya leo yanahusu Bahari ya Mediterania, na hasa yanawahusu watu waliotumia maisha yao kuisoma historia yake. Ninaposema kuisoma ninakusudia kusoma kwenyewe: mtu ameinama juu ya karatasi iliyoliwa na wadudu, anafuata herufi moja baada ya nyingine, mpaka mfanyabiashara aliyekufa miaka 900 iliyopita anaanza kumlalamikia juu ya bei ya kitani.

Swali lililowagombanisha wanazuoni hao ni jepesi kulitamka. Je, bahari ile ni ulimwengu mmoja au ni malimwengu mawili? Kaskazini yake ipo Hispania, Ufaransa, Italia na Ugiriki. Mashariki ipo Uturuki, Syria, Lebanon na Palestina. Kusini ipo Misri, Libya, Tunisia, Algeria na Moroko. Leo maboti ya wahamiaji yanaondoka Sfax na Mahdia, pwani ya Tunisia, kuelekea kisiwa cha Lampedusa, ambacho ni cha Italia ingawa kiko karibu zaidi na Tunisia kuliko Sicily. Maelfu wamezama katika maji hayo tangu mwaka 2014. Kwa hiyo anayeuliza kama pwani mbili hizi zilikuwa na maisha ya pamoja anauliza jambo linalowahusu watu walio hai.

Jibu lililosikika sana katika karne ya 20 lilitoka kwa Henri Pirenne, mwanahistoria wa Ubelgiji. Alifariki mwaka 1935, na kitabu chake cha mwisho, Mahomet et Charlemagne, kikatoka mwaka 1937. Pirenne alisema kwamba makabila ya Kijerumani yaliyoiangusha dola ya Roma upande wa magharibi hayakuuvunja umoja wa bahari. Meli ziliendelea kwenda na kurudi. Kwa maoni yake, kilichoikata bahari vipande viwili ni kuenea kwa dola ya Kiislamu katika karne ya 7 na ya 8: mafunjo ya Misri yakatoweka katika ofisi za wafalme wa Ufaransa, dhahabu ikaadimika, viungo vikakosekana, na Ulaya ikajifungia katika mashamba yake. Wanaakiolojia na wataalamu wa sarafu wameipinga hoja hiyo kwa miongo mingi. Hata hivyo bado inaishi vinywani mwa watu wasiowahi kulisikia jina la Pirenne, kila anapotokea mtu wa kusema kwamba ng'ambo ya maji yale ni dunia nyingine kabisa.

Baada yake akaja Fernand Braudel, Mfaransa. Huyu alikuwa mwalimu wa shule nchini Algeria kuanzia mwaka 1923 hadi 1932, na nadhani ile miaka ya kuitazama bahari akiwa upande wa kusini ilimfungua macho kuliko kitabu chochote. Katika Vita vya Pili vya Dunia alitekwa na Wajerumani mwaka 1940, na humo kizuizini, kwanza Mainz kisha Lübeck, akaandika rasimu ya kitabu chake kikuu katika madaftari ya shule, akitegemea zaidi kumbukumbu, na kuyatuma Paris kwa mwalimu wake Lucien Febvre. Kitabu kilichapishwa mwaka 1949. Kilihusu zama za Mfalme Philip II wa Hispania, lakini mfalme mwenyewe anasubirishwa mlangoni kurasa mamia. Wanaotangulia ni milima, upepo, mizeituni, ngano, wachungaji wanaoshuka na kondoo majira ya baridi. Braudel alifundisha kwamba historia ina mwendo wa aina tatu: mwendo wa polepole wa ardhi na hali ya hewa, mwendo wa wastani wa uchumi na jamii, na mwendo wa haraka wa vita na matukio. Akaonyesha kwamba Waturuki Waislamu na Wahispania Wakristo walivuta hewa moja na kuteswa na njaa ile ile.

Ninamheshimu sana Braudel. Lakini ukimaliza kumsoma unagundua kwamba umeijua milima kwa majina, na humjui hata mama mmoja aliyeishi chini yake. Watu wa kawaida ni wadogo mno katika kitabu kile. Ndiyo maana leo nataka kukaa zaidi na mwanazuoni wa tatu, ambaye jina lake husikika mara chache, na kwa hukumu yangu ndiye aliyeifanyia bahari ile kazi kubwa kuliko wote.

Kabla ya mtu huyo, tuzijue karatasi zake. Katika mji mkongwe wa Fustat, ambao leo umo ndani ya Kairo, lipo sinagogi la Ben Ezra. Wayahudi wana desturi ya kutotupa maandishi yanayoweza kuwa na jina la Mungu. Huwekwa mahali mpaka yazikwe kwa heshima. Watu wa Fustat walikuwa na chumba cha kuyawekea, na waliyaingiza kwa kupitia tundu lililokuwa juu ukutani. Lakini hawakuishia kwenye vitabu vya dini. Waliingiza barua za biashara, hati za ndoa na za talaka, hesabu za duka, maombi ya sadaka, kesi za mahakamani, hata karatasi za watoto waliokuwa wakijifunza kuandika herufi. Mengi hayakuzikwa kamwe. Hewa kavu ya Misri ikayatunza kwa karne nyingi.

Mwaka 1896 dada wawili mapacha kutoka Scotland, Agnes Lewis na Margaret Gibson, wanawake wasomi waliojua lugha nyingi za Mashariki, walirudi Cambridge na vipande vya maandishi walivyonunua safarini. Wakamwonyesha Solomon Schechter, mzaliwa wa Romania aliyekuwa akifundisha chuoni hapo. Katika kipande kimoja Schechter akatambua kitabu cha Ben Sira kwa Kiebrania, maandishi ambayo wanazuoni walidhani yamepotea. Mwisho wa mwaka huo huo akasafiri hadi Misri, akaingia katika chumba kile chenye vumbi la karne, na akarudi na vipande karibu 193,000. Ukijumlisha na vilivyotawanyika Oxford, New York, St Petersburg, Manchester na kwingineko, vyote hukadiriwa kuwa kama 400,000.

Waliotangulia kuvipekua walikuwa wakitafuta elimu ya dini na mashairi, na ndivyo walivyochukua. Barua za wachuuzi hazikuwavutia. Masanduku mengi yalikaa maktabani zaidi ya miaka 50 bila kupangwa, yakidhaniwa hayana thamani.

Mwanazuoni wetu wa tatu, Shelomo Dov Goitein, alizaliwa Ujerumani mwaka 1900, katika ukoo wa marabi. Alisomea Kiarabu na Uislamu, akahamia Palestina mwaka 1923, akaishi kwa miaka akichunguza lugha na maisha ya Wayahudi wa Yemen, kisha akaenda Marekani mwaka 1957 kufundisha Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Naomba tulitilie maanani jambo moja hapa. Hati nyingi za Fustat zimeandikwa kwa lugha ya Kiarabu lakini kwa herufi za Kiebrania. Anayejua Kiarabu pekee anaona herufi asizozifahamu. Anayejua Kiebrania pekee anazisoma herufi bila kuielewa lugha. Goitein alikuwa na funguo zote mbili, na zaidi ya hapo alikuwa amezoea masikioni mwake jinsi watu wa Yemen wanavyozungumza kwa kweli nyumbani na sokoni. Kwa hiyo alipokutana na barua ya karne ya 11, aliisikia.

Matunda yake ni kitabu kiitwacho A Mediterranean Society, juzuu tano zilizotoka kati ya mwaka 1967 na 1988, na juzuu ya sita ya faharasa mwaka 1993. Mwenyewe alifariki mwaka 1985, hata juzuu ya tano hakuiona ikitoka kiwandani.

Na humo ndani muna nini? Muna watu. Yumo Nahray bin Nissim, aliyetoka Kairouan, Tunisia, akafika Misri kiasi cha mwaka 1045, na barua zake zimebaki kwa mamia. Anatuma kitani cha Misri kwenda Sicily na Tunisia, anapokea mafuta ya zeituni, sabuni na hariri, anauza pilipili manga na nili ya kutia rangi. Meli hazisafiri majira ya baridi, kwa hiyo miezi ya kiangazi ni ya haraka na wasiwasi. Barua moja inaandikwa nakala mbili au tatu na kupewa meli tofauti, ili moja ikizama nyingine ifike. Kwanza salamu ndefu za ndugu kwa ndugu, kisha bei, kisha habari za meli gani imeonekana na ipi haijulikani ilipo, na mwisho maagizo ya vitu vya nyumbani.

Yumo mwanamke mfanyabiashara aliyejulikana kwa jina la al-Wuhsha, aliyeishi Fustat kiasi cha mwaka 1100. Alizaa mtoto na mtu wa Ascalon katika mazingira yaliyoleta maneno mengi, hata akafukuzwa katika sinagogi siku ya mfungo mkuu. Lakini wasia wake umebaki, na humo hakusahau wale waliomfukuza: aliacha fedha kwa masinagogi, likiwemo lile lile. Akaagiza pia mwanawe aletewe mwalimu wa kumfundisha Biblia na sala, mwalimu huyo apewe blanketi na zulia la kulalia ili akae karibu na mtoto, na alipwe dirhamu 5 kila wiki. Mimi nikisoma agizo la lile blanketi, namwona mama huyo waziwazi kuliko ninavyomwona malkia yeyote wa zama zake.

Na yumo Daudi, ndugu mdogo wa Musa bin Maimuni, yule mwanafalsafa na tabibu aliyezaliwa Cordoba, akaishi Fez na kufia Misri mwaka 1204. Daudi alikuwa ndiye mfanyabiashara wa familia. Imepatikana barua aliyoiandika kutoka Aydhab, bandari ya Bahari ya Shamu, akimweleza kaka yake taabu za jangwani na kumjulisha kwamba anaendelea mpaka India. Alizama katika Bahari ya Hindi. Kaka yake aliandika baadaye kwamba msiba ule ulimlaza kitandani karibu mwaka mzima. Mwanafalsafa tuliyezoea kumwona katika vitabu vizito, hapa ni kaka aliyefiwa.

Sasa, kuna wanaozitumia barua hizi kuchora picha ya dunia tamu ambamo Waislamu, Wakristo na Wayahudi waliishi bila kukwaruzana. Barua zenyewe zinakataa. Utumwa umo kila mahali. Kodi ya kichwa waliyotozwa wasio Waislamu inatajwa kwa hofu: watu wanajificha majumbani, wengine wanahama mji. Goitein alieleza wazi kwamba kodi hiyo iliwaelemea maskini kuliko wanazuoni walivyokuwa wakidhani. Mwanzoni mwa karne ya 11 Khalifa al-Hakim aliamuru makanisa na masinagogi yabomolewe. Baharini maharamia waliwateka abiria, na bei iliyozoeleka ya kuwakomboa ilikuwa dinari 100 kwa mateka watatu. Kwa makadirio ya Goitein, familia ya hali ya kati iliweza kuishi mwezi kwa dinari 2. Basi kumkomboa mtu mmoja kulimeza matumizi ya familia ya zaidi ya miezi 16, na hata hivyo jamii ndogo za Iskandaria na Fustat zilichanga, tena kwa ajili ya watu wageni wasiowajua.

Kinachoonekana humo ni maisha yaliyofungamana, na kufungamana hakukuhitaji mapenzi makubwa. Myahudi wa Fustat aliingia ubia na Mwislamu, akaenda kwa kadhi pale alipoona hukumu yake inamfaa, akapanda meli ya Mwislamu pamoja na abiria Wakristo, na alipotaka kumsifu mtu alitumia maneno ya Kiarabu yaleyale waliyoyatumia wote. Hati nyingi zilizosomwa ni za kati ya mwaka 1000 na 1250, kwa hiyo hazimjibu Pirenne moja kwa moja, maana yeye alizungumzia karne za nyuma yake. Lakini hazituachii nafasi ya kusema kwamba dini iliichimbia bahari shimo lisilovukika.

Ubishi wa kisomi uliotokana na barua hizi ni mkali na unapendeza. Mwaka 1989 mchumi Avner Greif aliuliza: mtu aliye Fustat anampelekea mwenzake wa Palermo mzigo wa kitani, na jibu linarudi baada ya miezi, nini kinamzuia yule wa Palermo asidhulumu? Greif akajibu kwamba wafanyabiashara wa asili ya Maghribi, yaani Afrika ya Kaskazini, walitegemea sifa ya kila mmoja wao. Aliyedhulumu mmoja, habari zake zilisambazwa kwa barua, na wote wakamkata. Jibu hilo likaingia katika vitabu vya uchumi dunia nzima. Mwaka 2012 Jeremy Edwards na Sheilagh Ogilvie wakarudi kwenye hati zile zile na kusema: mbona hapa kuna mahakama, nyaraka za uwakala, mikataba na mashahidi? Mwaka huo huo Jessica Goldberg akatoa kitabu kinachozipitia barua kwa wingi wake, akihesabu zinazungumzia nini, miji ipi na watu gani, na akaonyesha kwamba sifa na sheria zilifanya kazi pamoja, na kwamba mfanyabiashara alitegemea zaidi watu wa mji wake. Mimi nasimama na Goldberg. Nadharia ya Greif ni nzuri kuisikia, lakini imebebeshwa mzigo mzito juu ya barua chache, na barua mia kadhaa zikisomwa kwa pamoja zinasema jambo pana zaidi.

Kisha mwaka 2020 Marina Rustow akatufungulia upande mwingine, na hapa nasema upande kwa maana halisi, kwa sababu aligeuza karatasi. Nyuma ya maandishi mengi ya Kiebrania kulikuwa na mistari mikubwa ya Kiarabu, iliyoachana sana, imekatwa katikati. Ni vipande vya amri na hati za serikali ya makhalifa wa Kifatimi, waliotawala Misri kuanzia mwaka 969 mpaka 1171. Hati za serikali zilipokwisha kazi zilitoka nje, zikakatwa, na nafasi zilizobaki tupu zikatumiwa kuandika sala na nyimbo. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba dola za Kiislamu za zama zile hazikutunza nyaraka. Rustow ameonyesha ofisi yenye utaratibu kamili wa kupokea maombi, kuyajibu na kuyaweka.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu nilikumbuka Pemba. Mwaka 1984, katika kisiwa kidogo cha Mtambwe Mkuu, wanaakiolojia walifukua hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogondogo, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu. Baadhi ya dinari hizo ni za Wafatimi, sarafu ile ile ambayo kina Nahray waliitumia kuhesabia kitani chao. Na maandishi ya Kikufi katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 wa Miladi, zama za al-Wuhsha. Sarafu haisemi imepita mikono mingapi. Lakini inatosha kutuonyesha kwamba mpaka wa ulimwengu ule haukuwa Iskandaria.

Goitein alilijua hilo tangu mwanzo. Kazi yake alikusudia ianze na biashara ya India, na barua za Aden na Malabar ndizo zilizomvuta kwanza, kabla Mediterania haijammeza. Humo yumo Abraham bin Yiju, mtu wa Mahdia, ile Mahdia ya maboti ya leo, aliyeishi Mangalore miaka karibu 17, akawa na karakana ya kufua vyombo vya shaba, na kumwacha huru mjakazi wa Kihindi aitwaye Ashu, ambaye alizaa naye watoto. Aliporudi Aden mwaka 1149 alikuta habari kwamba Wanormani wa Sicily wameiteka Mahdia, na ndugu zake hajui waliko. Akaandika barua kuwatafuta, na kuahidi kumwoza binti yake kwa mtoto wa ndugu. Ndoa hiyo ilifungwa Fustat mwaka 1156. Maisha ya mtu mmoja, bahari mbili. Kitabu cha barua hizo kilikamilishwa na mwanafunzi wake Mordechai Friedman na kutoka mwaka 2008, miaka 23 baada ya Goitein kufariki.

Wasikilizaji, sisi pia tunazo karatasi ambazo lugha yake ni ya hapa na herufi zake ni za kwingine. Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1892 Mjerumani Carl Büttner alichapisha mkusanyiko wa maandishi hayo, zikiwemo barua. Miswada mingine iko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mingine Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, mingine London, na ninaamini mingine bado imo katika masanduku ya majumbani kuanzia Lamu mpaka Kilwa. Vijana wetu wanaosomea historia wengi wao hawawezi kuisoma, na wale waliojifunza herufi chuoni kwa mwalimu wa Kurani hawaambiwi kwamba wanao ufunguo huo. Nawaomba wakuu wa idara za historia katika vyuo vyetu: lifanyeni somo la kusoma maandishi hayo kuwa la lazima kwa kila mwanafunzi wa historia ya pwani. Na wewe mwenye sanduku la barua za babu, usilichome. Mwite mtu anayejua herufi, mkae naye, mzisome.